Kanda la Usufi

Kaka yangu alifika Tanga kwa basi la mchana kutoka Pangani, Ijumaa ya tarehe 27 Novemba 2015, akavua viatu mlangoni, na kabla hata ya kuulizia watoto akasema, "Wameshaanza?" Nikamjibu kwamba ndiyo kwanza wanaingia uwanjani. Akaketi mkekani, mgongo ukutani na miguu ameinyoosha, kama anavyoketi tangu utotoni akijua kwamba hanyanyuki karibuni. Yeye ni fundi seremala, mtu wa milango na majahazi, na siku tatu bila randa mkononi si kitu anachokitoa ovyo. Alizitoa kwa ajili ya fainali ya Kombe la Davis, Ubelgiji na Uingereza, iliyochezwa Ghent, mji ambao yeye wala mimi hatukuwahi kuukanyaga.

Kombe hilo lilianza mwaka 1900, pale Dwight Davis, kijana Mmarekani aliyekuwa akisoma Harvard, alipotoa bakuli la fedha ili Wamarekani washindane na watu wa Visiwa vya Uingereza. Mechi ya kwanza ilichezwa Longwood, Boston, na yeye mwenyewe Davis akiwemo katika timu. Mpangilio wake ulikuwa mwepesi kuukariri, na bado ndio uliotawala siku zile tatu za Ghent: Ijumaa michezo miwili ya mmoja mmoja, Jumamosi mchezo mmoja wa wawili wawili, Jumapili miwili tena ya mmoja mmoja, wapinzani wakiwa wamebadilishana. Timu iliyofikisha ushindi wa tatu iliondoka na bakuli. Kila mchezo ulikuwa na nafasi ya kufika seti tano, kwa hiyo mtu aliweza kukaa uwanjani toka adhuhuri mpaka taa za mji zikawashwa.

Flanders Expo ni ukumbi wa maonyesho. Wabelgiji, kwa haki ya mwenyeji ya kuchagua aina ya uwanja, walimwaga udongo mwekundu humo ndani, chini ya paa, katika baridi ya Novemba. Walitaka kumpunguza kasi Andy Murray wa Uingereza. Mimi sikuiamini hesabu hiyo, maana mwaka huohuo Murray alikuwa ametwaa mataji yake ya kwanza kwenye udongo, Munich kisha Madrid, na Madrid alimshinda Rafael Nadal. Lakini nawaelewa. Mwenye nyumba akijua mgeni wake ana nguvu kuliko yeye, atafute walau mkeka wa kumkalisha.

Kulikuwa na hofu pia. Wiki mbili kabla, usiku wa tarehe 13 Novemba, Paris ilishambuliwa. Baadaye Brussels nayo ikafungwa kwa siku kadhaa: treni za chini ya ardhi zikasimama, shule zikafungwa, wanajeshi wakazagaa mitaani. Timu ya Uingereza ilichelewesha safari kwa siku moja. Watazamaji waliambiwa wasije na mabegi. Na bado ukumbi ulijaa, watu wapatao 13,000, na ngoma na tarumbeta na bendera za rangi nyeusi, njano na nyekundu, na pembeni kundi la Waingereza waliokuwa wakiimba bila kupumua. Kaka alitazama zile nyuso zilizopakwa rangi, akasema, "Hawa wamekuja na roho zao mkononi." Sikuwa na la kuongeza.

Aliyefungua fainali upande wa Uingereza alikuwa Kyle Edmund, umri miaka 20. Alikuwa hajawahi kuchezea nchi yake hata mara moja katika kombe hilo. Mara ya kwanza kabisa wakampeleka kwenye fainali, ugenini, mbele ya umati ule, dhidi ya David Goffin aliyekuwa wa 16 duniani. Nahodha wake, Leon Smith, alimchagua kwa sababu alikuwa ametoka kushinda mashindano madogo ya udongo huko Buenos Aires. Sababu nzuri, iliyo na akili. Ila sababu ni za nahodha. Kuingia pale ni kwa kijana peke yake.

Akaingia, akacheza kama mtu asiyejua aliko. Ngumi yake ya kulia, maana ile haikuwa pigo la raketi tena, ilipasua pembe za uwanja. Seti ya kwanza 6–3. Ya pili 6–1. Ukumbi ukapoa. Kaka, ambaye tangu mwanzo alisema yuko na Goffin kwa sababu ni mwembamba na mwembamba akisimama mbele ya watu wa miraba minne huwa anamgusa moyo, alikaa kimya akivutavuta nyuzi za mkeka. Mimi nilikuwa upande wa pili na nilikuwa nimesimama.

Kisha miguu ya Edmund ikaisha. Huwezi kuona saa ileile inapotokea. Unachoona ni kwamba mpira uliokuwa ukitua karibu na mstari sasa unatua hatua moja ndani, halafu mbili, na kwamba kijana anainama akishika magoti baada ya kila pointi. Goffin alizichukua 6–2, 6–1, 6–0. Seti tatu, gemu tatu tu kwa Edmund. Ile sifuri ya mwisho ilinitia baridi tumboni, kwa sababu naijua.

Naijua kwa sababu mimi na kaka tuliingia katika mchezo huu kwa mlango wa nyuma, kama wengi wa kizazi chetu pwani: tulikuwa waokota mipira. Kulikuwa na klabu moja mjini, na jioni tulikimbia nyuma ya nyavu tukiwaokotea wakubwa mipira kwa malipo ya senti chache. Jumatatu uwanja ulikuwa mtupu na mlinzi alikuwa mtu mwema. Tukacheza. Raketi zetu zilikuwa zile zilizotupwa, mbao zimepinda, na nyuzi zikikatika kaka alizifunga upya kwa mshipi wa kuvulia, akizivuta kwa koleo mpaka zilie. Mwaka 1988, mimi nikiwa na miaka 14 na yeye 17, waokota mipira wa kwetu tukaalikwa kucheza na wenzetu wa shamba moja la mkonge, njia ya Muheza. Jumamosi na Jumapili. Tulilala huko, katika ghala, juu ya magunia.

Nilicheza wa kwanza. Nikashinda seti ya kwanza, nikaongoza ya pili 4–1, nikasikia wenzangu wakianza kuimba, na pale pale mkono ukawa si wangu. Seti ya tatu ilikuwa sifuri. Nilipotoka uwanjani sikulia, lakini sikuweza kumtazama mtu usoni. Jambo nililolijua siku ile, na sijapata kulisahau, ni kwamba ningeshindwa peke yangu ningekwenda zangu mtoni nikaoga, basi. Hapa sikuwa na haki ya kwenda mtoni. Hasara yangu ilikuwa imeandikwa kwenye jina la watu wanane.

Usiku ule kaka hakusema neno. Niliamka katikati ya usiku nikamwona ameketi mlangoni pa ghala kwenye mbalamwezi, raketi yangu mapajani, anaifunga mshipi mpya. Kesho yake tulicheza pamoja, wawili wawili. Tulifungwa. Timu yetu nayo ilifungwa. Tulirudi Tanga nyuma ya lori la mkonge, na kaka akaniwekea kichwa changu begani kwake, kwa sababu barabara ilikuwa mbaya.

Sijui kama aliikumbuka safari ile, Ijumaa hiyo ya Ghent. Mimi niliikumbuka muda wote wa seti ya tano.

Wahenga wa pwani walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Limejaa, limetuna, lakini kwa anayelitazama halina uzito. Sijaona mchezo unaolithibitisha neno hilo kuliko tenisi ya kila wiki. Mchezaji anasafiri kwa jina lake, anakula fedha zake, anafungwa kwa niaba yake mwenyewe. Katika mashindano ya kawaida, wakati ule, kocha alikaa jukwaani na kanuni zilimkataza hata kumwambia neno. Watu mia wanaanza wiki, na mwisho wa wiki 99 kati yao wamekwenda zao kimyakimya, kila mmoja na kanda lake, na kwa aliyebaki kanda hilo ni usufi mtupu.

Kombe la Davis linauvunja upweke huo kwa makusudi. Nahodha anakaa ndani ya uwanja kabisa, kwenye kiti kando ya mchezaji wake, na kila wanapobadilishana upande anamwinamia, anampa maji na taulo, anamwambia kitu. Wenzake wako benchi hatua chache nyuma, wanasimama kila pointi. Ukiwatazama usoni unaona kanda lina uzito. Mtu wa 100 duniani akikosa mpira, wa pili duniani anafumba macho. Hicho ndicho kilichonifanya nizipende wikiendi zile kuliko fainali yoyote ya Wimbledon: watu waliozoea kuwa kila mtu na lwake walilazimishwa, kwa siku tatu, wauhisi mzigo wa mwingine kwenye mabega yao wenyewe.

Murray ndiye aliyekuwa wa pili duniani. Aliingia baada ya Edmund, akamfunga Ruben Bemelmans 6–3, 6–2, 7–5. Usiku ukaingia, matokeo yakiwa moja kwa moja.

Jumamosi ilikuwa siku ya ndugu. Jamie Murray ni mkubwa, alizaliwa Februari 1986. Andy alimfuata Mei 1987. Jamie anatumia mkono wa kushoto, na maisha yake yote ya tenisi ni ya wawili wawili. Mwaka huo alifika fainali ya Wimbledon na ya Marekani akiwa na mwenzake John Peers wa Australia, akazipoteza zote mbili. Mama yao ndiye aliyewafundisha. Walikulia Dunblane, mji mdogo wa Uskoti, na Machi 1996 walikuwa wanafunzi wa shule ya msingi ambayo mtu mwenye bunduki aliingia, akaua watoto 16 na mwalimu wao. Andy alikuwa na miaka 8, Jamie 10. Wote wawili walikuwa shuleni siku hiyo. Sitaki kuifanya habari hiyo kuwa pambo la mechi. Nilichofanya ni kuikumbuka nilipowaona wakiingia bega kwa bega katika ukumbi uliozungukwa na polisi, katika nchi iliyokuwa ikiogopa bunduki wiki hiyo, nikanyamaza.

Upande wa pili nahodha wa Ubelgiji, Johan Van Herck, alimrudisha Goffin. Alikuwa amecheza seti tano jana yake na kesho alikuwa na Murray. Alisimama na Steve Darcis, mtu wa miaka 31 aliyeifikisha Ubelgiji fainali kwa kushinda mchezo wa mwisho kabisa dhidi ya Argentina huko Brussels mwezi Septemba. Kwa mara ya kwanza kaka aliinua kichwa ukutani. "Huyu mdogo watamuua," akasema.

Waingereza walichukua seti ya kwanza 6–4. Katikati ya seti ya pili umeme ukakatika mtaani kwetu. Tukatoka barazani, kaka akiwa ameshika simu yake karibu na macho, namba zikija moja moja kama maji kwenye bomba la kiangazi. Sijui kama nitaweza kueleza furaha ya kufuatilia mchezo kwa namna hiyo na mtu unayempenda. Huoni chochote. Unapewa 30–40, unajaza mwenyewe: nani kaanzisha, nani yuko kwenye wavu, nani kakosa. Kaka alijaza kwa sauti, na mikono, jinsi Jamie anavyonyemelea wavuni, jinsi Darcis anavyoukata mpira ukafa. Aliyojaza huenda hayakutokea hata moja. Ilipoandikwa 4–6 sote wawili tulishusha pumzi, yeye kwa raha, mimi kwa hofu. Umeme ulirudi seti ya tatu. Ndugu wale walimaliza 6–3, 6–2, na mwisho wa mchezo walikumbatiana muda mrefu, wote wawili wamejaa udongo.

Mbili kwa moja. Jirani yetu, mzee aliyepita kutuamkia, alituuliza swali la haki kabisa: "Ninyi hapo mna nani?" Alimaanisha kwamba hawa wote wawili waliwahi kuwa mabwana katika eneo hili la dunia. Mwingereza alikuwa hapa Tanganyika mpaka 1961. Mbelgiji alikuwa Kongo, na Rwanda, na Burundi, na mizigo yake ikapita kwenye gati alilokodishwa Kigoma na Dar es Salaam. Kuwashangilia kuna maana gani kwa mtu wa Tanga?

Nililala nalo swali hilo. Kwanza niligundua kwamba hata bendera zenyewe si nguo moja. Murray ni Mskoti. Mwaka mmoja kabla, Septemba 2014, asubuhi ya kura ya kuamua kama Uskoti ijitenge, aliandika hadharani akielekea upande wa kujitenga, akatukanwa sana. Uskoti ilibaki. Naye alibaki akiichezea Uingereza, akakimbia mpaka miguu ikawaka moto kwa ajili ya bendera ambayo moyo wake ulikuwa umeiuliza maswali. Mzanzibari ataelewa hili kuliko profesa yeyote wa siasa: kwenye mpira wa miguu Uskoti ina timu yake, kwenye tenisi haina, kama Zanzibar inavyoingia Cecafa kwa jina lake kisha ikawania kufuzu Kombe la Dunia ndani ya Tanzania. Na Wabelgiji nao hivyohivyo. Goffin na Darcis ni watu wa Liège, wanaongea Kifaransa, na waliokuwa wakiwapigia ngoma pale Ghent ni watu wa Kiflemi. Ukumbi mzima ulimwita Goffin kwa jina lake la kwanza kama mtoto wa mtaa ule.

Basi jibu langu kwa mzee, ambalo sikumpa wakati ule, ni kwamba sikuwa na nchi pale. Nilikuwa na kijana mmoja aliyefungwa 6–0 Ijumaa na aliyehitaji mtu wa kumtoa kwenye seti ile. Kaka alikuwa na mtu mmoja mwembamba aliyebebeshwa siku tatu mfululizo. Ushabiki wetu ulikuwa huo tu, na ulitutosha.

Naandika haya miaka kadhaa baadaye, na siwezi kuifikia Jumapili bila kusema kilichotokea baada yake. Agosti 2018, mjini Orlando, wakuu wa tenisi wa nchi mbalimbali walipiga kura wakaubadilisha mpangilio wa Davis. Kampuni ya Kosmos, ya mchezaji wa mpira wa miguu Gerard Piqué, iliahidi dola bilioni 3 kwa miaka 25. Kuanzia 2019 fainali zikahamia mji mmoja, timu nyingi kwa pamoja ndani ya wiki, seti tatu badala ya tano, michezo mitatu badala ya mitano, yote kwa siku moja. Mkataba wa miaka 25 ulivunjika Januari 2023. Mpangilio haukurudi.

Nimeona mambo makubwa katika mtindo mpya, na nitakuwa mwongo nikiyakana. Madrid 2019, Roberto Bautista Agut alifiwa na baba yake katikati ya mashindano, akaenda kuzika, akarudi akaishindia Hispania mchezo wa kwanza wa fainali. Málaga 2023, Jannik Sinner alikuwa nyuma 4–5, 0–40 mbele ya Novak Djokovic, pointi tatu za kuiondoa Italia, akazifuta zote, akashinda, na jioni ileile akashinda tena katika wawili wawili. Kesho yake Italia ikatwaa kombe ililolikosa tangu 1976. Niliruka mpaka nikaumia kifundo.

Lakini wameondoa usiku. Hilo ndilo lalamiko langu, na sijasikia likisemwa. Watu hulilia seti tano, hulilia uwanja wa nyumbani, na wana haki. Mimi nalilia ule usiku kati ya Ijumaa na Jumamosi, na ule kati ya Jumamosi na Jumapili. Mtu aliyefungwa Ijumaa alilazimika kula chakula cha jioni na wenzake. Alilazimika kulala na kuamka akiwa bado ni mwenzao. Mwenziwe naye aliamka akijua anakwenda kucheza na deni la mtu mwingine. Mzigo hauhamishwi kwa dakika kumi za kupanga taulo. Unahitaji giza, unahitaji mtu aketi mlangoni na koleo. Bakuli ni lilelile, fedha ni ileile, lakini sasa kila kitu kinaamuliwa kabla kijana hajapata nafasi ya kuinua macho.

Jumapili, basi. Kaka aliamka mapema akaenda sokoni, akarudi na muhogo na nazi, akapika mwenyewe. Wakati tunakula nilimtolea hesabu niliyoiweka tangu Machi. Kufika hapa Uingereza iliishinda Marekani mjini Glasgow, Ufaransa London, Australia Glasgow tena. Kila raundi inahitaji ushindi wa tatu, raundi nne, jumla 12. Murray akishinda leo atakuwa amehusika katika 11 kati ya hizo: nane peke yake, tatu na kaka yake.

"Basi hiyo si timu," kaka akasema. "Ni mtu mmoja na wapambe."

Nikamwambia habari ya ule mmoja uliobaki. James Ward, mtu wa 111 duniani, Glasgow, mwezi Machi, mbele ya John Isner, Mmarekani mwenye urefu wa zaidi ya mita mbili. Ward alipoteza seti mbili za kwanza. Akashinda ya tatu, akashinda ya nne kwa taibreka, na ya tano ikaenda mpaka 15–13. Karibu saa tano uwanjani. Mwezi Novemba Ward huyo alikuwa Ghent, benchi, na hakugusa mpira hata mmoja katika siku mbili hizo. Nikamwambia pia kwamba mwaka 2010 timu hii ilifungwa na Lithuania huko Vilnius, Murray hayupo, ikabakiza mechi moja tu na Uturuki kabla ya kushuka daraja la tatu la kanda ya Ulaya na Afrika, na ni baada ya Vilnius ndipo Leon Smith alipopewa unahodha. Kaka alitafuna muhogo wake taratibu. "Kumbe mlango una bawaba," akasema. Kwa fundi wa milango, hayo ni maneno mengi.

Mechi yenyewe haikuwa na mashaka kama nilivyoogopa. Goffin aliipigania, hasa seti ya pili, akakimbia kwa miguu iliyokuwa na seti tisa za siku mbili ndani yake, na kuna mapigo yake ya mkono wa nyuma, mpira ukiwa bado unapanda, ambayo hata mimi nilipiga makofi. Murray hakumpa nafasi. Alirudisha kila kitu. 6–3, 7–5, na ya tatu akaongoza. Kila alipopata pointi aligeukia benchi, si jukwaa. Nilianza kutazama anakotazama.

Pointi ya mwisho. Goffin alipiga kwa nguvu akasogea wavuni, na Murray akafukuza mpira upande wa kushoto. Alikuwa amebanwa pembeni kabisa. Akaushika kwa mikono miwili, akauinua. Ulipanda, ukampita Goffin juu ya raketi, ukashuka ndani ya mstari. Kitu cha upole sana, baada ya vishindo vyote vile. Murray aliangusha raketi, akalala kifudifudi kwenye udongo, na benchi lote likamwangukia. Miaka 79 tangu Fred Perry na wenzake watwae kombe hilo mara ya mwisho, 1936. Na kwa Ubelgiji ilikuwa fainali ya pili katika historia yake. Ya kwanza ilikuwa 1904, nayo ilipotea kwa Waingereza haohao.

Nilikuwa nimesimama na machozi yananitoka. Nilikuwa natafuta mtu mmoja katika lile rundo la jezi, kijana wa 6–0, na sikuweza kumtofautisha na wengine. Wote walikuwa wekundu kwa udongo.

Kisha Murray akajitoa kwa wenzake, akavuka upande wa pili, akaanza kuwashika mkono Wabelgiji. Kaka alikuwa hajasema neno tangu mpira ule ulipotua. Alikuwa ameegemea ukuta, mikono juu ya magoti, macho kwa Goffin.

"Mpe na wangu," akamwambia Murray, kwa sauti ya chini, kama mtu aliyemtuma jirani anayetangulia msibani. "Mwambie mkono wa pole, kutoka Pangani."